Muulize Mwalimu: Semina za wahadhiri, nani aingie na nani aulize

Toleo lililopita nilimjibu msomaji wa Kigoma aliyetaka kujua tofauti ya mhadhiri na profesa mshiriki. Humo nikachomekea kwamba wahadhiri nao, pamoja na vyeo vyao, hukaa kwenye viti vya wanafunzi wakamsikiliza mwenzao akieleza anachokitafiti. Sikudhani sentensi hiyo ingezaa barua. Imezaa. Nimechagua tano. Wanaoandika kwa mkono nawaomba waache nafasi kati ya mistari, macho yangu si ya juzi.

*Salaam Mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Kijana wangu mkubwa ameajiriwa chuo kikuu, anafundisha historia. Kila Alhamisi mchana nikimpigia hapokei, jioni ananiambia, "Samahani baba, nilikuwa semina." Nikamuuliza semina ya nini, akasema mwenzao alikuwa anawasomea utafiti wake na wao wanamuuliza maswali. Wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Mimi nikikaa na mafundi wenzangu saa mbili tunasomeana karatasi, kitanda cha mteja nani atakipiga randa? Niambie ukweli, hii ni kazi au kijana ananizuga?*
*Fundi wa Keko, Dar es Salaam*

Fundi, kijana hakuzugi. Mhadhiri ameajiriwa kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Semina ipo kwenye kutafiti, na kwa maoni yangu ikikosekana utafiti wote unaharibika. Mtu akilichimba jambo peke yake miaka miwili mitatu hulipenda mno, na kombo la unachokipenda hulioni. Lazima wenzako wakuoneshe, tena kabla hujachapa.

Nikupe mfano wa kwetu. Mimi ni Mmatumbi, na Vita vya Majimaji vya kumpinga Mjerumani vilianza kwetu, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kulima. Vita vilikwenda hadi 1907. Wa kwanza kuziandika habari zake walikuwa Wajerumani wenyewe, kwa hiyo vitabu vikabeba yale Mjerumani aliyoyaona kutoka bomani. Waliokufa wakakadiriwa kuwa 75,000, na hesabu hiyo ikakaa miaka na miaka bila mtu kuigusa.

Mwaka 1964 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani kutoka jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Idara ya Historia ilikuwa chini ya Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, mwaka 1963 kwa kuwaunga mkono wazalendo wa kule. Katika miaka hiyo walipita au walikaa hapo Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe, Gilbert Gwassa, Walter Rodney. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara hiyo walirudi makwao kusini wakiwa na kazi ya kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita.

Kwetu alikuja kijana wa kijiji cha jirani. Alikaa barazani kwenye mkeka na daftari la mistari, akamuuliza bibi ilikuwa mwaka gani. Bibi hakuwa na mwaka. Alimwambia wakati ule alikuwa hajachezwa unyago, askari wakaja wakachoma maghala ya mtama, na njaa ilipoingia watu wakala ndiga, viazi pori vyenye sumu. Akaeleza ndiga zinavyomenywa, zinavyokatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwenye maji yanayotembea, na nani katika ukoo alizila kabla hazijaiva maji kwa sababu watoto walikuwa wanalia, ikawa mwisho wake na wao. Kijana akauliza walikufa wangapi. Bibi hakutaja idadi, alitaja majina. Kijana akayaandika yote. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikadhani ni mtu wa kodi.

Daftari la namna hiyo likifika kwenye chumba cha semina ndipo kazi inapoanza. Mmoja anasoma alichoambiwa Umatumbi. Mwenzake aliyetoka Ungoni anasema wazee wa kwao wameeleza vingine, huko machifu ndio walioongoza. Wa tatu ameshika nakala ya faili la Kijerumani, anauliza: huyu bibi aliyaona haya kwa macho yake au aliyasikia ukubwani? Aliyewasilisha anarudi kijijini na swali ambalo hakwenda nalo mara ya kwanza. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomfikisha Gwassa, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ilihusu vita hivyo, kukadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa iliyoletwa kusudi, maghala na mashamba yalipochomwa. Kati ya 75,000 na 250,000 ndipo walipo wale ambao bibi aliwataja majina.

Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri historia ya Tanzania, sura nyingi zikiwa zimeandikwa na watu wa idara hiyohiyo, na yaliyomo yakaingia madarasani. Ukisoma siku hizi kwenye daftari la mjukuu wako kwamba watu wa kusini walikuwa na sababu zao na mipango yao, ujue jambo hilo lilibishaniwa kwanza na watu wazima waliosomeana karatasi. Alhamisi mchana usimpigie.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fasihi katika chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Natafiti nyimbo za mashindano ya ngoma za Wasukuma, za Bagika na Bagalu. Makala yangu imefika kurasa sitini. Ratiba ya semina za wahadhiri imetoka na jina langu limo: dakika ishirini za kuwasilisha, ishirini za maswali. Nina mambo mawili. Kurasa sitini nitazipitisha wapi? La pili, tuna profesa mmoja mzee ambaye hamwachi mtu amalize. Juzi alimwambia mwenzangu, mbele ya wanafunzi wa uzamili, kwamba kazi yake si ya chuo kikuu. Usiku silali.*
*Mwenye Wasiwasi, Mwanza*

Marahaba, binti yangu. Hizo kurasa sitini usizipitishe popote. Ziache nyumbani.

Nimekaa kwenye semina nyingi na ugonjwa ni uleule. Msemaji anachukua tasnifu yake, anaikata vipande, anaviita slaidi. Usuli wa tatizo. Tamko la tatizo. Lengo kuu. Malengo mahsusi matatu. Maswali ya utafiti matatu, ambayo ni malengo yaleyale yaliyotiwa alama ya kuuliza. Umuhimu wa utafiti. Mipaka ya utafiti. Nadharia, pamoja na mwasisi wake na mwaka aliozaliwa. Mbinu za kukusanya data, na sababu kwa nini hojaji haikutumika. Kwenye slaidi ya kumi na nne ndipo linatokea neno "Matokeo", na hapo mwenyekiti ameshainua kikaratasi kilichoandikwa "Dakika 2". Msemaji anasema, "Kwa sababu ya muda nitapita harakaharaka." Anapita. Watu wanatoka wanaijua nadharia, wimbo hawajausikia hata mmoja.

Wewe chukua wimbo mmoja. Anza nao. Usiwasalimie kwa itifaki ndefu, washa spika ndogo, waache wausikie kwa Kisukuma dakika moja na nusu, huku kila mtu ana karatasi yenye maneno ya Kisukuma upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Halafu waambie wanachokisikia. Waambie hizo pande mbili zinatajwa kuwa zilianzia kwa waganga wawili waliokuwa wakishindana katika karne ya 19, Ngika na Gumha, na kwamba hadi leo mavuno yakishaisha, Juni hadi Agosti, makundi hukutana uwanjani siku ileile na saa ileile, na anayeshinda ni aliyewavuta watazamaji upande wake. Hapo wasikilizaji wako, hata yule wa falsafa aliyekuja kwa sababu ya chai, watakuwa wameshaona: huu ni ushairi ambao mhakiki wake ni umati wenye miguu. Sasa rudi kwenye mstari mmoja wa wimbo wako, ule unaomtukana manju, yaani kiongozi wa waimbaji, wa upande wa pili, na uoneshe umetengenezwaje hata watu wakahama.

Halafu sema dai lako. Jaribu kulisema kwa sentensi moja, leo usiku, kwa kuwa hulali. Ukishindwa, basi huna wasilisho bado, una mkusanyiko wa nyimbo, na huo ndio utakaokugombanisha na mzee.

Ukisoma kwa mwendo wa mtu anayetaka kueleweka, kurasa nane zilizochapwa kwa nafasi mbili zinatosha dakika ishirini. Zisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua fasihi. Mdogo wako wa kidato cha tatu anafaa, atakwambia wapi amechoka. Ikisiri, ule muhtasari wa makala, itume mapema, iwe na dai lako ndani, isiwe ahadi kwamba "makala hii itajadili". Projekta usiitegemee: chapa karatasi, chaji simu, umeme ukikatika uendelee.

Tuje kwa mzee. Kuna swali kali na kuna matusi, usivichanganye. Akikuuliza swali kali, liandike, tena akuone unaliandika. Kisha mrudishie kwa maneno yako: "Profesa, nikikuelewa vizuri unauliza kama wimbo huu ungekuwa na maana ileile nje ya mashindano?" Mara nyingi swali likirudishwa hivyo hupungua urefu, na mwenyewe hulitazama upya. Kama amegusa pabovu, sema pale pale kwamba ni pabovu na linaathiri sehemu gani. Usimwambie "nitalifanyia kazi" kama hutalifanyia kazi. Siku hizi hiyo ni njia ya kumnyamazisha muulizaji kwa adabu, na kila mtu chumbani anajua.

Matusi ni kazi ya mwenyekiti. Nenda ukamwone kabla ya siku yenyewe, umwombe kwa heshima mambo mawili: wanafunzi wa uzamili waulize kwanza, na maswali yasikusanywe matatu matatu. Hii desturi ya matatu matatu mimi siipendi. Inamwezesha msemaji kujibu mawili mepesi na kulisahau gumu, na inampa mwenye hasira nafasi ya kuhutubu maana hakuna anayemjibu hapohapo. Swali moja, jibu moja, na muulizaji apewe nafasi ya kusema kama ameridhika.

Na usidhani ukali umeanza na mzee wako. Mwaka 1970, Mlimani, jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilichapa makala ndefu ya Issa Shivji, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, kuhusu matabaka katika Tanzania ya Azimio la Arusha. Serikali ikalifunga jarida mwaka huohuo. Lakini wakubwa wake kitaaluma hawakuishia kunung'unika kantini. Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes walikaa wakaandika maoni yao juu ya hoja zake, pale walipokubali na pale walipoona amepungukiwa, na mwaka 1973 makala na maoni hayo vikachapwa pamoja katika kitabu kimoja na Tanzania Publishing House. Aliyekukosoa ameweka jina lake na sababu zake kando ya zako, msomaji aamue. Mzee wako akikuambia kazi yako si ya chuo kikuu, mwombe akuandikie ukurasa mmoja wa sababu. Akiuandika, umepata msimamizi wa bure.

Jambo la mwisho: hao waimbaji uliowarekodi wapo hai. Wataje, na uwe umewaomba ruhusa ya kuicheza sauti yao mbele ya watu.

*Mwalimu, naratibu semina za wahadhiri wa ndaki yetu. Tulipokuwa na fedha za mradi kulikuwa na posho ya kikao na chakula cha mchana, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mradi umekwisha. Sasa tunabaki watu sita na msemaji. Nifanyeje?*
*Mratibu Aliyechoka (ameomba mji usitajwe)*

Sita wanatosha. Hao ndio waliokuwa wanasikiliza hata wakati ule, wengine walikuwa wanasubiri kusaini.

Hata mradi mwingine ukija, posho usiirudishe. Mtu aliyelipwa kukaa hana sababu ya kuuliza swali. Peleka fedha hizo kwenye nauli ya msemaji wa chuo kingine. Ratiba ya muhula mzima ibandikwe wiki ya kwanza, siku na saa zisibadilike hata Rasi wa Ndaki akiwa na udhuru. Makala isambazwe kabla, msemaji apewe dakika kumi tu na muda uliobaki uwe wa maswali. Wanafunzi wa uzamili wawe na zamu ya kuwa wajadili wa kwanza, maana mwanafunzi aliyepewa kazi ya kujadili huja, na huja amesoma. Chai mchangie, kila mwenye zamu na chupa yake.

*Ndugu Mwalimu, mimi ni mkulima wa korosho, Kibiti. Nilikuwa Dar kwa dada yangu, mpwa wangu anayesoma chuo akanipeleka kwenye mhadhara wa mambo ya kale ya pwani, nikafurahi maana picha ya kwanza ilikuwa ramani ya Rufiji, kwetu. Msemaji Mtanzania, waliojaa Watanzania, wageni labda wawili. Kikaendeshwa Kiingereza kuanzia karibuni hadi ahsanteni. Nilichoambulia ni picha za vigae. Kwa nini wanatufanyia hivi?*
*Mkulima, Kibiti*

Ndugu yangu wa Kibiti, sababu ya kwanza ni ya kawaida: chuo kinafundisha kwa Kiingereza, tasnifu ya mambo ya kale inaandikwa kwa Kiingereza, na majarida mengi yanayompandisha mtu cheo ni ya Kiingereza. Msemaji anakuja na kile alichoandaa kwa ajili ya huko. Sababu ya pili haisemwi sana. Kwa Kiingereza ni rahisi kuficha usicho na hakika nacho.

Kwamba Kiswahili hakiwezi, hilo sikubali, na ushahidi uko Mlimani palepale. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970 ikafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu mwanzo. Watu wakajadili fonimu na mofimu na vina na mizani, wakakosoana vikali, na hakuna aliyepungukiwa msamiati. Mwaka 2009 idara hiyo na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ziliunganishwa zikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Huko Bayreuth, Ujerumani, tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Kiswahili hukutana kila mwaka, na utamkuta Mjerumani anawasilisha kwa Kiswahili na Mtaliano anamuuliza kwa Kiswahili. Wanahistoria wetu na waakiolojia wetu wana nini?

Ulichokosa nikudokezee, kwa sababu ni chako. Zamani vitabu vilisema miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, sisi tukiwa vibarua. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua pwani ya kati ya Tanzania, na tasnifu yake ikachapwa Uppsala, Sweden, mwaka 1994. Hoja yake kubwa imo kwenye vigae ulivyoviona. Kuna vyungu vya milenia ya kwanza baada ya Kristo vilivyochorwa pembetatu shingoni, mfinyanzi akikwaruza mistari kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi. Vinapatikana visiwani, vinapatikana ufukweni, na vinapatikana bara ndani. Chami akaonesha kwamba vimetokana na ufinyanzi wa wakulima na wafua chuma waliokuwapo kabla yake katika eneo hilohilo. Kama ni hivyo, waliokaa kwenye ile miji mwanzoni walikuwa wenyeji. Kwenu Rufiji zilipatikana pia shanga za kioo ambazo yeye anazihusisha na biashara ya enzi ya Warumi, na ndiyo sababu anaamini Rhapta, soko la mwisho la pwani linalotajwa na maandishi ya Kigiriki ya karibu miaka 2,000 iliyopita, lilikuwa maeneo ya delta yenu.

Si kila mtaalamu anakubaliana naye. Wapo wanaobishia tarehe zake, hasa za yale anayoyaeleza kuwa ya kale zaidi, mapangoni kule Kisiwa cha Juani. Wapo wanaoitafuta Rhapta kwingine. Na wewe unayelima korosho unajua jembe linakwama wapi kwenye vigae na wapi hakuna hata kimoja. Msemaji angelipa pesa kukipata hicho unachokijua, ila hakikuweza kutoka mdomoni mwako kwa sababu ya lugha ya kikao.

Safari nyingine wakifika kwenye maswali nyosha mkono, ujitambulishe kuwa unatoka Kibiti, uulize kwa Kiswahili. Sijawahi kuona mwenyekiti anayekataa, na mara nyingi chumba kizima hupumua kikahamia Kiswahili hapohapo. Kwa wahadhiri wanaonisoma: anayechimba kijiji cha mtu arudi mara moja, akaeleze alichokipata chini ya mwembe au ofisi ya kijiji, kwa lugha ya pale. Nusu saa inatosha. Baadhi yenu mnafanya hivyo na nawaheshimu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Sinza, napenda sana historia. Je, mtu wa nje kama mimi anaruhusiwa kuingia kwenye hizo semina? Analipa? Anavaaje? Na akiwa na neno la kusema?*
*Mama wa Sinza*

Marahaba mama, ingawa nahisi tunalingana.

Kulipa hulipi. Kuruhusiwa, inategemea ni kikao gani. Semina ya idara huwa kwenye chumba kidogo, wanajuana wote, lakini mgeni akija akajitambulisha kwa mwenyekiti hafukuzwi. Mpigie simu karani wa idara siku moja kabla, yeye ndiye anayejua kama msemaji amesafiri na kikao kimeahirishwa. Mhadhara wa hadhara ni wa watu wote, na tangazo lake husema hivyo. Wa kuutafuta kuliko yote ni ule wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa kilichoanzishwa mwaka 2008 Issa Shivji akiwa mwenye kigoda wa kwanza. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alikuja kuhutubu mwaka 2009. Ukumbi wa mambo makubwa ya namna hii ni Nkrumah, ule wenye paa la kupindapinda uliokuwa umechorwa kwenye noti ya shilingi mia tano. Shughuli ikiwa kubwa nenda mapema, viti vinaisha na vijana wanakaa kwenye ngazi.

Vaa kama unavyokwenda harusini mchana, au kama unavyokwenda sokoni, hakuna atakayekutazama. Kitambulisho chukua, getini wanaweza kukiuliza. Ukibeba maandazi yafiche, ngedere wa Mlimani hawana adabu.

Neno la kusema ulilo nalo liwe swali. Utamsikia mzee mmoja, yupo kila chuo, akisimama na kipaza sauti: "Mimi sina swali, nina mchango tu." Hapo jiegemeze, ni dakika kumi na mbili. Wewe uliyekaa wodini miaka yote hiyo una maswali ambayo wanahistoria hawana. Msemaji akitaja njaa ya mwaka fulani au ndui au kichocho, muulize dalili zimeandikwaje kwenye nyaraka zake, na nani aliyezitambua. Utaona anavyotafuta kalamu.

Barua ya msomaji wa Tanga kuhusu ada za shahada ya uzamivu nimeipata, nitaijibu toleo lijalo.